Uwanja wa Wangui

Ukimuuliza Ndung'u mke wake alikuwa mtu wa namna gani, ataanza na kazi yake. Atakwambia alikuwa mpishi wa mbwa. Mengine yatafuata, usimharakishe.

Na kweli alikuwa mpishi wa mbwa. Mama Tara, yule mama wa Kisingasinga aliyefungua makao ya mbwa waliotupwa nje kidogo ya Nakuru, alimwajiri Wangui kusonga ugali kwenye sufuria kubwa kama ya shule, na kuchemsha matumbo na mifupa ya kuchanganya nao. Ndung'u alikuwa soja wa usiku hapo hapo. Asubuhi akitoka zamu alikuta moshi unapanda na kikombe chake kimefunikwa kwa kisosi. Kwenye chai Wangui alikuwa na masimulizi, yeye alikuwa na masikio. Ndoa yao iligawanywa hivyo, na haikuwa na shida.

Mbwa wenyewe Wangui hakuwashika. Kwao Olenguruone mbwa alifungwa mchana, akafunguliwa jioni, akala makombo, akabweka, basi. Wangui alisukuma karai chini ya waya kwa mguu, akarudi jikoni.

Halafu ikaja Januari ya 2008, na vita vya baada ya uchaguzi. Watu walihama mbio, godoro kichwani, mtoto mgongoni, na kwenye lori mbwa hakupandishwa. Wengine waliletwa kwa Mama Tara wamefungwa kamba shingoni, wengine wakajileta wenyewe. Wakati huo huo wafanyakazi walitawanyika. Obura, aliyekuwa akisafisha vibanda, alienda kwao kungoja mambo yatulie. Wakabaki watatu: Mama Tara, Wangui, na Ndung'u, ambaye sasa alikuwa soja wa usiku na mchana.

Kibanda hakisuguliki mbwa akiwa ndani. Na mbwa wa kufungiwa siku nzima anaharibika kichwa. Hawa walitafuna waya mpaka fizi zikatoka damu. Wangui akauliza kwa nini wasitolewe pamoja, wakacheza uwanjani huku vibanda vinasuguliwa. Mama Tara alisema watauana. Wangui akamjibu kwamba hata kikundi cha akina mama kanisani kila mara kinataka kuuana, lakini ukijua kupanga viti, mkutano unaisha salama.

Basi akawapanga mbwa kama wale akina mama. Wenye domo wawili hawakutoka pamoja. Vijana waliwekewa mzee mmoja katikati yao. Mgeni alitembezwa kwanza nje ya uwanja, wenyeji wakimfuata kwa ndani, wote wakielekea upande mmoja, mpaka wachoke kutazamana. Ndipo lango lilipofunguliwa, na wa kumpokea alikuwa Jimi, mbwa mzee asiye na haraka, ambaye Wangui alimwita mwenyekiti. Wakianza kuvutana, Wangui aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Wakikataa kusikia, walimwagiwa maji.

Waliozoeana uwanjani walilala kibanda kimoja, nafasi ikapatikana kwa waliokuwa wakiletwa. Mpishi aliyesukuma karai kwa mguu sasa alirudi nyumbani na nywele za mbwa hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

Kazi ya Ndung'u ilikuwa kusimama langoni, upande wa ndani, mbwa wasitoroke. Alisimama na rungu lake. Tangu nyumba za jirani zichomwe alikuwa hajaliweka chini.

"Hata choo unaenda nayo, Baba Lynn," mkewe alimtania. "Huko utapiga nani?"

Alilihamishia mkono wa pili. Wangui hakumsukuma.

Aliyewashinda ni Sifa. Alikuwa mbwa wa kahawia, kifua cheupe, aliyeletwa na mama mmoja aliyetoka kule kule Olenguruone akaishia kwenye kambi. Kambini mbwa hawakuruhusiwa. Mama yule alilia, akasema akipata tu mahali pa kukaa atamrudia. Wangui akamwahidi atamkuta. Hakumuuliza Mama Tara kwanza. Aliahidi tu.

Na Sifa hakukubali mtu wala mbwa. Nje ya uwanja alitembea vizuri, mkia chini lakini kimya. Akivuka lango, anaruka kuuma. Alimuuma hata Jimi, ambaye hakuwahi kuumwa na yeyote. Kibanda kizima kilikuwa chake peke yake, na vingine vimejaa hadi mbwa wanalala juu ya wenzao.

Mama Tara alivumilia. Mwishowe akaja jikoni, akasimama karibu na moto kama mtu anayesikia baridi.

"Wangui, daktari anakuja kesho," alisema. "Kama leo yeye anakataa wengine, basi atadungwa ile sindano ya mwisho. Mimi pia napenda yeye. Lakini nafasi iko wapi?"

Wangui alisema sawa. Kisha akauacha ugali ukaungua, jambo ambalo Ndung'u alikuwa hajaliona tangu amuoe.

Alasiri hiyo wakajaribu mara ya mwisho. Wangui alimtembeza Sifa nje ya uwanja, polepole, Jimi akichechemea kwa ndani. Walipofika langoni Ndung'u akafungua, akasogea pembeni. Sifa akaingia hatua moja, akalala tumbo chini, meno nje. Wangui alikuwa na mfuniko mkononi lakini hakuugonga. Hakuwa akimtazama Jimi. Alitazama alikotazama Sifa.

"Baba Lynn," alisema kwa sauti ya chini. "Weka hiyo rungu nje."

"Na akiniuma?"

"Basi atakuuma."

Ndung'u alibaki amesimama. Huyo mbwa alikuwa ameona nini huko alikotoka, na marungu ya nani, hakuna wa kumuuliza. Lakini naye Ndung'u alikuwa ameona yake. Vidole vilikataa kufunguka.  Wangui alingoja tu, kama alivyomngojea asubuhi zote zile na kikombe kilichofunikwa. Mwishowe Ndung'u akapitisha mkono juu ya waya, akaliachia likaanguka kwenye nyasi za nje. Akabaki na mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Sifa akainuka. Alimzunguka Ndung'u kwa mbali, akamnusa Jimi, akarudi nyuma, akamnusa tena. Jimi akainamisha miguu ya mbele, matako juu, kama kijana, akasahau umri wake. Sifa akapiga chafya. Kisha akatoka mbio, akauzunguka uwanja wote kama ndama aliyefunguliwa, vumbi nyuma yake, Jimi akimfuata kwa shida.

Mama Tara alikuwa nje ya waya, mtandio wake wa dupatta mdomoni.

"Kesho daktari ataangalia meno ya Jimi tu," alisema, akaenda zake.

Vibanda havikusuguliwa jioni ile. Wangui alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake safi, akicheka hadi machozi yakamtoka, na Ndung'u, aliyemzika mwaka jana, bado anamwona hivyo, si vile alivyokuwa hospitalini.

"Na wewe enda ucheze, Baba Lynn," alimwambia. "Umesimama hapo kama kigingi."

Akasema yeye ni mzee. Akasema ana njaa. Kisha akavua koti, akaenda.