Karani wa Zamu za Kupimwa Akili

Katika mahakama yetu, hapa kusini mwa Malawi, karani anayewapangia washitakiwa zamu za kupimwa akili huongea kwa simu akiwa amefumba macho. Kila asubuhi huipigia hospitali, akauliza, "Leo kuna nafasi, kaka?" Akiambiwa hakuna, husema ahsante kana kwamba amepewa, kisha huyanyoosha kwa kiganja mafaili ya wanaongoja rumande. Mimi mkalimani nakaa mkabala naye, na sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Jumatatu alikuja dada wa mshitakiwa mmoja, Gesten Mkwezalamba. Miaka mitatu nyuma Gesten alishitakiwa kuchoma ghala la mahindi, akakaa kimya kizimbani, hakimu akaagiza apimwe. Zamu yake ilifika mwezi uliopita tu. Daktari ameandika kwamba hana akili timamu.

"Mama, mlimchukua mzima," dada alisema. "Alikuwa amefiwa na mke. Wewe ungeongea?"

"Alikuwa mzima," karani alijibu. "Siku ya kwanza aliniuliza nani atawapikia wanawe nsima. Sasa hajui kama ana watoto."

Akayaandika hayo chini ya ripoti ya daktari, akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe kwa hakimu. Nilikuwepo.

"Nani kakutuma uandike humu?"

"Hakuna, mheshimiwa. Nilimpokea mimi."

Hakimu akayakata maneno ya karani kwa mstari mmoja. Gesten akarudishwa rumande, safari hii kungoja matibabu.