Barada la Stesheni ya Ibra

Stesheni ya mabasi ya Ibra ni ndogo, na mimi nilijitia bingwa wake. Zamani palikuwa na ukuta wa udongo na kivuli chake tu. Yakaja mabati, yakaja mabenchi ya saruji, kikafuata chumba cha wanawake. Mwisho nikaweka barada, tangi la maji baridi, sadaka ya marehemu mama yangu. Kila Alkhamisi asubuhi nalifuta, kisha narudi nyumbani.

Alkhamisi moja nilichelewa. Nikamkuta msichana wa Tanga, mfanyakazi wa nyumbani, na begi lake.

"Shikamoo, bibi. Basi la Maskati linasimama hapa?"

"Marhaba, mwanangu. Hapa hapa. Kaa kitako, saa sita litaingia."

Akaniambia ana ndege jioni. Mama yake mgonjwa sana, watoto wote wameitwa. Nikampa maji. Alipojua ni sadaka ya nani, akainua mikono. "Mungu amrehemu mama yako."

Nami, badala ya kunyamaza, nikafungua darsa. Nimesomesha miaka mingi. Nikiona mtu ametulia, namfundisha. Nikamwonyesha ukuta ulipokuwa, mabati yalipoanzia. Mara mbili akainuka kuchungulia barabarani.

"Tulia. Stesheni hii naijua mie kuliko madereva."

Mfagiaji akapita, akatushangaa. "Mama, basi haliingii hapa siku hizi. Linasimama kule penye pampu ya petroli. Limeshakwenda."

Kumbe ndiyo maana stesheni ilikuwa tupu kila wiki! Nilidhani watu wanakimbia joto. Nilikuwa nikifuta bomba mpaka ling'ae, nisiulize wanywaji wamekwenda wapi.

Msichana hakunilaumu. Alilishika begi lake tu. "Sasa, bibi?"

Nikamtia garini mwangu, nikashika njia ya Maskati. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kueleza. Tulipofika milimani, nadhani alinionea huruma.

"Bibi, hukumaliza. Baada ya mabati?"

"Mabenchi," nikasema. "Wakaweka mabenchi."

Tuliwahi. Mlangoni pa uwanja wa ndege akanibusu mkono, akaniuliza jina la mama yangu, apate kumwombea. Nikamtajia. Akaingia ndani na begi lake, nami ndipo nikakumbuka kuwa mama yake, aliye hai, sikuuliza hata anaitwa nani.