Bamba Jipya Chini ya Gari

Mama alipovunjika nyonga, safari ya kumpeleka hospitali ilikuwa mateso. Barabara yetu ya Ngonga ina tuta la udongo katikati ya njia za matairi, na bamba la chuma linalokinga injini ya gari langu lilining'inia chini mno. Kila lilipokwangua tuta, Mama aliuma pindo la kanga.

Akiwa bado amelazwa, nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Aling'oa bamba lile, akatengeneza lingine bapa, akalibana juu kabisa, sambamba na fremu.

Siku ya kumrudisha Mama nyumbani, tulipolifikia tuta nilikaza mikono kwenye usukani nikisubiri mkwaruzo. Haukuja. Nilisikia nyasi tu zikipapasa chuma chini yetu, na vyura mpungani.

Mama alikuwa amefumba macho. "Kumbe wameweka lami?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Tuta ni lile lile, ila sasa tunapita juu yake bila kuligusa."

Alifumbua macho, akachungulia dirishani. "Ndaga fijo," akasema taratibu kwa kilugha chetu, asante sana, sijui akinishukuru mimi au Mungu.

Nilisimamisha gari, nikashuka kutazama tuta nyuma yetu. Nyasi tulizozilaza zilikuwa zinainuka tena, moja moja. Nilichuchumaa pale kwa mshangao mpaka Mama akaniita twende.