Springi Mbili za Basi

Hapa Kalemie lori likishindwa kupanda mlima halitupwi. Linapelekwa ziwani. Wanafungua injini, wanaikalisha ndani ya boti ya mbao, na kuanzia siku hiyo inabeba samaki na watu mahali pasipo na mlima hata mmoja. Nimeona malori matatu yakiishia hivyo, na kila mara dereva alibaki nchi kavu, kwa sababu boti huwa na nahodha wake tayari.

Kwa hiyo nilipomkuta fundi wa boti uani kwetu, ameinama juu ya injini ya lori langu na kipande cha kamba mkononi, sikuhitaji kuuliza anapima nini.

Nasema lori langu, ingawa mwenyewe alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, wa zile familia za Kiislamu zilizovuka na bidhaa ziwani tangu mababu. Mimi nilikuwa dereva wake na fundi wake kwa miaka kumi na moja. Kazi yetu ilikuwa sementi, kutoka Kabimba hadi mjini.

"Papa, usinikasirikie," Mama huyo aliniambia. "Boti ya kaka yangu haina motere. Na hii kamio yako inapanda mulima mara mbili."

Hapo alisema kweli. Njiani kuna mlima mmoja wenye kona karibu na kilele. Lori lisiloweza kuupanda likiwa limejaa husimama chini, linashusha nusu ya mifuko kando ya njia, linapanda na nusu, linaishusha juu, kisha linarudi kuchukua iliyobaki. Nusu siku imekwisha. Wakati mnahangaika hivyo vijana wa pikipiki wanapita wakipiga honi: "Shofere, unauza sementi ama unaianika?"

"Nipe safari moja, Mama," nilimwomba.

Aliinua kidole kimoja. "Moja. Ipande na muzigo yote, mara moja, na mimi nikiwa ndani. Ikikataa, motere inaingia kwa maji."

Fundi wa boti, mtu mpole aliyehamia huku kutoka kaskazini mwa ziwa, alikunja kamba yake taratibu. "Yaya, mimi sina haraka," aliniambia; yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. "Mbao yenyewe haijakauka."

Sasa nieleze kilichokuwa kinalishinda lile lori, maana wengi hukosea hapo, na mimi nilikosea kabla yao. Mtu akiona gari halina nguvu, hukimbilia skrubu ya kuongeza mazutu, yaani dizeli. Niliizungusha. Nilipata moshi mweusi kama wa tanuru la matofali, joto likapanda, na mlima ulibaki palepale. Nikairudisha.

Nikaanza kusikiliza badala ya kufungua. Katika gia ya pili injini ilikuwa na nguvu ya kutosha. Lakini kabla haijafika kasi niliyoitaka, kitu kiliishika. Sauti ilikatika kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya wimbo. Nikiingiza ya tatu, mwendo ulikuwa mdogo mno, injini inakohoa. Nikirudi ya pili, mwendo umeshapotea. Pale kwenye kona mchanga ni mlegevu, na ya kwanza inachimba shimo tu. Kwa hiyo nguvu ilikuwepo, ila ilikatwa mapema.

Anayekata ni kidhibiti mwendo, kilicho nyuma ya pampu ya mafuta. Ndani yake kuna vyuma viwili vizito vinavyozunguka pamoja na pampu. Injini ikikimbia, vinataka kutoka nje, kama mtoto anayevutwa nje ya duara la mchezo. Vikitoka, vinapunguza mazutu. Kinachovizuia visitoke mapema ni springi. Springi ikiwa laini, vyuma vinatoka upesi na injini inanyimwa chakula ikiwa bado inakimbia. Springi ikiwa ngumu zaidi, injini inaachiwa kasi kidogo zaidi. Ni hilo tu. Ukilielewa hilo, hakuna pampu itakayokutisha tena.

Nyuma ya gereji ya jirani kulikuwa na basi bovu lenye injini ya aina ileile. Basi halivuti mzigo mzito, lakini linatakiwa kukimbia, kwa hiyo nilidhani springi zake zitakuwa ngumu. Jirani aliniruhusu kuzitoa. Mama hakuridhika na dhana zangu.

"Zinafanana," alisema akiziviringisha kiganjani. "Utajuaje hii njo ya nguvu?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo. Nilichukua springi moja ya akiba ya lori, sawa na zilizokuwa ndani, na moja ya basi, nikazipanga kichwa kwa kichwa kati ya meno ya jiliwa, nikampa Mama mkono wa kukazia. Alikaza polepole. Zote mbili zilikuwa zinasukumwa kwa nguvu ileile, lakini ya lori ilijikunja hadi pete zake zikakaribia kugusana, na ile ya basi ilikuwa bado imesimama.

"Aa! Hii ya kwetu ni mutu wa kusema ndiyo kwa kila mutu!" alicheka Mama. "Fanya."

Nilianza siku iliyofuata, asubuhi, injini ikiwa baridi. Nyuma ya kidhibiti kuna kizibo. Ukikifungua unapata tundu dogo kama la kuchungulia. Humo unaiona nati inayobana springi ya chuma kimoja. Ili kuona ya pili lazima uzungushe injini kwa mkono, mzunguko mmoja kamili, maana pampu yenyewe huzunguka nusu tu. Nilichonga bisibisi kuukuu kwa tupa mpaka ikapata meno mawili ya kushika nati hiyo. Chini ya tundu nilisokota kitambaa, nati isije ikadondoka ndani, kisha nikatoa springi za lori na kuweka za basi. Fundi wa boti alikuja kutazama, nami nikampa kazi ya kuzungusha injini.

"Naifungua motere yangu mwenyewe," alinung'unika.

"Bado si yako."

"Ndiyo maana naizungusha kwa adabu."

Nati hizo hulia unapozikaza: tik, tik. Pande zote mbili lazima zilie idadi moja, la sivyo chuma kimoja kitatoka kabla ya mwenzake. Upande wa kwanza nilihesabu kumi na nne. Fundi akazungusha, nikaanza wa pili. Nilipokuwa katikati Mama aliingia.

"Salaam aleikum, Papa."

"Aleikum salaam, Mama." Tik.

"Mumeamkaje?"

"Tumeamka, Mama, tunashukuru." Tik.

"Mama wa nyumbani? Batoto?"

"Wazima wote. Kaka yako?"

"Anapumua. Na kazi?"

Kwetu salamu haikatwi katikati. Mtu anayejibu nusu huonekana amelelewa nusu, na yule alikuwa mwajiri wangu na mkubwa wangu. Nilijibu zote, moja baada ya nyingine, mkono ukiendelea kukaza. Zilipokwisha nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimefika kumi na nne.

Tulifunga kizibo, tukawasha. Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza, nami nikaanza kutabasamu. Lakini haikutulia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, bila mguu wangu kuwepo kwenye pedali.

"Labda ni upya wa springi," nilisema. Nilitaka sana iwe hivyo.

Fundi wa boti aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini na kufumba macho, kama wanavyofanya wanapopima boti mpya kwa kugusa mbao. Angeweza kunyamaza. Mama angepanda na lori linalohema, lingekataa kwenye kona, na yeye angepata injini yake. Alifumbua macho.

"Yaya, mumoja anatangulia mwenzake," aliniambia. "Hawatembei sawa. Ulihesabu vizuri ama ulisalimia?"

Mama alianza kucheka hadi akashika ukuta.

"Njo mimi mwenye kosa! Nimeua motere na salaam aleikum!"

Nilizima, nikafungua tena. Safari hii Mama alisimama mlangoni pa ua na kitenge chake kiunoni. Kila aliyetaka kuingia alisikia: "Musimusalimie! Papa anahesabu! Salamu zote mupe mimi!" Alizipokea za mtaa mzima. Nilihesabu upya, upande wa kwanza kumi na nne, upande wa pili pia kumi na nne. Tulipowasha, sauti ilikaa mahali pamoja, nene, imetulia kama maji ndani ya mtungi.

Sikuongeza zaidi ya hapo, na wewe usiongeze. Kuna watu wakipata springi ngumu hutaka ngumu zaidi, mpaka valvu zinashindwa kufunga kwa wakati na injini inajipiga yenyewe. Tulichohitaji ni kuvuka pengo kati ya ya pili na ya tatu.

Siku ya tatu tulipakia Kabimba, mzigo kamili. Mama alikaa kando yangu, mikono magotini, midomo ikisoma dua bila sauti. Chini ya mlima malori mawili yalikuwa yamesimama yakishusha nusu. Dereva mmoja alinipungia niegeshe nyuma yake. Sikuegesha.

Niliingia mlimani na gia ya pili. Sauti ikapanda, ikafika pale ilipozoea kuzibwa mdomo. Mguu wangu ulitaka kunyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Niliukandamiza. Injini iliendelea kuimba. Ikapita pale, ikapita tena, ndipo nikaingiza ya tatu, na ya tatu ikashika! Haikukohoa. Kona ilitujia, mchanga ukaruka nyuma ya magurudumu, mkia wa lori ukayumba kidogo, nami nilikuwa napiga kelele maneno ambayo siyakumbuki. Mama anayakumbuka na hakubali kuyarudia.

Juu kabisa aliniambia nisimame. Alishuka, akazunguka lori lote, akagusa mifuko ya nyuma kana kwamba anahakikisha imekuja kweli. Alitoa simu.

"Kaka," alisema, "tafuta motere ingine. Hii iko na kazi ku mulima."

Alipanda akafunga mlango kwa nguvu. Tulishuka kuelekea mjini kwa gia ya chini, polepole, ziwa lote likiwa wazi mbele yetu. Tulifika kwenye ghala mapema mno. Mwenye kutupokea, aliyezoea kutuona jioni, hakuwa amekuja, na wapakuzi walikuwa bado wanakunywa chai. Mmoja wao aliinuka, kikombe mkononi, akatazama mzigo mzima juu ya lori.

"Papa, iyi njo ya jana?"

"Ya leo," Mama alijibu kabla yangu. "Yote."