Ukambaa Ndani ya Riwaya

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Rulenge, na Adelfina Minani anafungua duka lake la vitabu. Hawashi redio. Anapita mbele ya rafu polepole akigusa migongo ya vitabu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeamsha wageni bila kutaka kuwashtua.

“Kinachosomwa hakishiki vumbi,” anasema. “Hilo nilichelewa kulijua.”

Kwa miaka kumi na moja, mama huyu wa miaka 52 aliagiza vitabu kama wauzaji wengi: kilichotoka alikirudia, kilichokaa alikiacha. Vitabu vya shule ndivyo vilivyomlisha. Kisha mtaala ukabadilika, akabaki na vitabu 140 vya kiada ambavyo hakuna mzazi aliyevitaka tena. Mtaji wake mwingi ukalala ndani ya maboksi.

“Nikayafanya viti,” anasema, akicheka kidogo.

Pesa iliyobaki ilitosha katoni moja tu. Alipokuwa akiandaa oda, alikata kwa kalamu, kwenye orodha yake, riwaya moja iliyokaa rafuni miaka miwili bila mnunuzi, habari za mwanamke anayemtafuta dada yake ng’ambo ya mto. Alipokwenda kuitoa, aliikuta safi, haina vumbi. Katikati ya kurasa palikuwa na ukambaa, kipande chembamba cha ganda kavu la mgomba.

Hakuugusa. Wiki iliyofuata, baada ya siku ya gulio, ukambaa ulikuwa umesogea mbele. Wiki nyingine, ukasogea tena.

Gulio la tatu alijibanza nyuma ya rafu. Akaingia Nimpaye, muuza ndizi kutoka Kirushya, akafungua kitabu palepale alipoishia, akasoma amesimama. Walipokutana macho, kitabu nusura kimdondoke.

“Shikamoo, mama. Nimebakiza kurasa thelathini tu.”

“Marahaba. Kaa basi, mwanangu. Miguu itakuuma.”

Akamsogezea boksi. Nimpaye akasoma mpaka mwisho, akabaki ametazama mlangoni kwa muda mrefu, kana kwamba mtu alikuwa anakuja. Kisha akauliza kama kuna kingine.

Siku ile Adelfina aliandika oda upya. Alipunguza daftari za wanafunzi, bidhaa isiyomwangusha, akaagiza nakala tano za riwaya ileile. Zilipofika zikakaa. Mwezi wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Anasema alikuwa akiamka na kujiuliza kama amepoteza akili pamoja na mtaji.

Mwezi wa tatu wakaja wanawake wawili wa Kirushya. Wakati wa kupukuchua maharage, Nimpaye alikuwa amewasimulia hadithi yote, ila mwisho akakataa kuusema. Walinunua nakala moja kwa kuchanga. Wengine wakafuata, naye akaagiza tena. Hadi sasa ameuza 23.

Leo, kabla ya kuagiza, Adelfina hutazama kwanza kurasa zilizolegea kwa kusomwa. Ana pia daftari anamoandika vitabu vilivyoulizwa vikakosekana. Kinachojirudia zaidi ni ombi la hadithi za bibi wa Kihangaza, zilizoandikwa kwa Kihangaza, lugha ya wenyeji wa hapa.

Hajapata anayezichapa. Kwa hiyo, kila Jumapili baada ya misa, huketi na bikizee mmoja na kuandika anachosimuliwa. Tayari ana hadithi tisa, na mwakani anataka kuzipeleka kwa mpiga chapa.

“Nataka mtu aingie hapa aulize kitabu cha kwetu,” anasema, “nami nisimjibu kwamba hakuna.”