Ree na Saba Mbele ya Mama Mkwe

Aibu hii ninayo mpaka leo, na pale Ikwiriri wapo wanaoisimulia vizuri kuliko mimi, lakini afadhali mlicheke bwege kwa kinywa cha bwege mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa tena, na tajiri mmoja wa ufuta akatoa radio kaseti mpya iwe zawadi ya mashindano ya karata, wawili wawili, mbele ya ghala lake. Mimi nilikuwa nimepeleka posa kwa akina Zuhura, jibu bado, basi hiki kichwa changu cha boga kikaniambia, cheza na baba yake, mkishinda mzee hatakuwa na neno. (Mwenye akili angempelekea mchele.)

Sasa karata zetu bila kupeana ishara hazichezeki, na mkwe hakonyezwi, hata kumkazia macho ni utovu wa adabu, ila Mzee Saidi mwenyewe, baba yake Zuhura na mtu wa swala tano, akaniambia, "Mchezoni hakuna mkwe. Ukishika ree ya turufu lamba mdomo, ukishika saba konyeza." Mwamuzi naye keshatangaza kwamba anayetoa ishara anatolewa. Nikakubali, lakini haya zikanishinda, kwa hiyo nikawa nakonyeza juu kidogo ya kofia ya mzee, yeye anadaka, na hivyo hivyo tukafika fainali. Watu wamejaa, mpaka abiria waliokwama kivukoni Ndundu wamerudi kutazama.

Turufu ikawa kopa. Nafungua mkono wangu, naona ree ya kopa, saba ya kopa, na mzungu wa nne juu yake, zile tatu kubwa kuliko zote. Kwa karata hizo hata mbuzi angeshinda, tena kimya kimya, hahitaji kumwambia mtu. Mimi nikaona lazima mzee ajue. Nikainua uso juu ya kofia, nikakonyeza, nikalamba mdomo taratibu ili asikose kuona, nikarudia, ndipo nikatambua kwamba juu ya kofia ile pana uso wa mtu, na mtu mwenyewe ni mama yake Zuhura, kaja na birika la kahawa.

"Baba Zuhura," akasema, wala hakupaza sauti, "huyu anayetaka kumwoa mwanao ananilambia midomo mimi."

Mtu mzima hapo angesingizia vumbi. Mimi nikasimama, nikamwaga karata zangu wazi mezani, nikaapa, "Wallahi mama, si wewe, ni ree na saba hizi hapa, namwonyesha mzee, mwulize, tulikubaliana." Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwamuzi hakucheka, akatutoa wote wawili, na radio wakapewa wale waliokuwa wameshika magarasa matupu. Mmoja wa abiria akasema, "Mzee, kumbe swala tano na ishara tano."

Tulipofika njiani Mzee Saidi akanigeukia.

"Mke wangu ningemtuliza nyumbani kwa neno moja," akasema. "Ikwiriri nzima hii nitaituliza kwa lipi?"

Posa yangu ilirudishwa kesho yake, na Zuhura akaolewa Kibiti. Mimi nikiona watu wametandika mkeka na karata, napita nyuma ya nyumba. Sizishiki tena, na nawaambieni kweli, magarasa niliyashika maisha yangu yote na hayakuwahi kunikosesha mke.