Kuni Nilizorudisha Mchana Kweupe

Juzi mjukuu wangu alimwagia maji jiko la mkaa hapa kwangu Buhare. Ile harufu ya moto uliokufa ghafla ikanipanda puani, nikatafuta pa kukaa. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe kwa kuuza dagaa, na darasa la tatu sikulimaliza, kwa hiyo sitapamba maneno.

Tulikuwaga wageni Butiama. Baba alitutoa ziwani tukalime, tukakaa na mama yake, bibi yangu, tuliyekuja naye. Majirani walituita watu wa samaki. Mwaka ule mvua iligoma, na kila mtu alikuwa anatafuta wa kumlaumu.

Kilimani palikuwa na msitu wa mizimu, mnene, mchana ndani kuna giza, nyani wamejaa. Mti wake haukatwi. Hata tawi likianguka, linaozea pale pale; ukilichoma, wazee walisema, mvua inakimbia. Nililijua hilo vizuri sana. Lakini kuni za karibu zilikuwa zimekwisha, na ukingoni matawi makavu yamelala bure. Nikafunga mzigo wangu.

Bibi alikuwa anasonga ugali moshi ulipompiga usoni. Moshi mtamu, kama ubani. Akaacha mwiko.

"Kuni hizi umetoa wapi?"

Nikageuza macho kilimani. Akanyanyua mtungi, maji yetu ya siku nzima, akayamwaga yote motoni.

"Rudisha. Na majivu."

"Bibi, si nisubiri giza?"

"Sasa hivi. Na upite njia kubwa."

Nikabeba kuni kichwani, majivu yaliyoloa kwenye ungo, bado yana joto. Jirani yetu Nyangeta aliniona wa kwanza.

"Njooni muone! Mtoto wa samaki katuchomea mvua!"

Watu wakatoka, wakanifuata. Nyuma yangu mwanaume mmoja alisema turudishwe ziwani siku hiyo hiyo. Nilijua nikidondosha hata chembe ya majivu, baba hana shamba tena.

Mzee Magoti, mlinzi wa msitu, alikuwa amekaa ukingoni.

"Babu, shikamoo."

Hakuitikia. "Umebeba nini?"

"Kuni za humu. Nyingine zimeungua, ndo haya majivu."

"Nani alikuona ukichukua?"

"Hakuna."

Akawaangalia walionifuata, mmoja mmoja, polepole.

"Huyu hakuna aliyemuona, na karudisha. Nyie mliochukua mkaficha, mtarudisha lini?"

Nyangeta ndiye aliyegeuka wa kwanza kurudi kwake.

Miaka mingi nilimchukia bibi kwa ile njia kubwa. Nilidhani ananiaibisha. Nimezeeka ndo nimeelewa: ningepita gizani, siku yoyote mtu angenikuta na siri yangu, na sisi tungeondoka Butiama na vyungu kichwani. Bibi aliitoa mwenyewe, kabla hawajaja kuitafuta.

Jioni ile Nyangeta alituletea mtungi wa maji. Akautua mlangoni, hakuniangalia usoni. Bibi akamalizia ugali wake.